Rangi ya Kesho

Kituo cha juu ya mlima Ngolo kiliwasha taa yake ya ishara wakati jua lilikuwa limebakiza ukingo mwembamba tu juu ya mashamba ya chai. Kapteni Atuganile Mwalyego, mkuu wa kikosi cha mizinga kilicholinda Bwawa la Ruhati, aliusoma ujumbe ule kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kama alivyozoea. Hakupenda askari asomaye kimyakimya, kwani huyo akikosea hana wa kumsahihisha.

“Ndege moja. Kubwa, ya mizigo. Yatoka mashariki. Taa ya tumboni, kijani.”

Luteni Lutengano Kyando, msaidizi wake, aligeuka kuitazama taa ya mfano iliyotundikwa juu ya meza ya chumba cha ulinzi. Tufe lile la kioo lilikuwa likitoa mwanga wa kijani kibichi, rangi ya jani la mgomba lililotoka kunyeshewa.

“Kijani kwa kijani,” akasema. “Wetu hao, afande. Huenda wametuletea sukari.”

“Sukari utaiona amani ikirudi. Funga kola yako.”

Kyando alifunga kola huku akitabasamu. Wote wawili walikuwa na hamu ya kuiona ndege ile, kwani ilikuwa ya kwanza ya kikosi cha pwani kufika Ruhati. Muda wote wa vita watu wa pwani walilinda pwani yao na watu wa nyanda za juu wakalinda milima yao, kila upande na majemadari wake na taratibu zake. Juma lile tu ndipo majeshi hayo mawili yalipowekwa chini ya amri moja.

Kabla ya vita hakuna ambaye angeamini kwamba ndege ya kijeshi ingerudi kujitambulisha kwa taa, kama baiskeli njiani. Lakini adui alikuwa amemwaga angani kitu ambacho watu walikiita Kelele: vumbi la mashine ndogo kuliko chembe za unga, zinazoelea mawinguni na kupiga mayowe katika masafa yote ya redio. Simu za mkononi ziligeuka vioo vya kujitazamia. Rada ziliona kundi la ndege mahali palipokuwa na kunguru mmoja. Ndipo wanasayansi wa Shirikisho la pwani na nyanda za juu walipotengeneza taa hai. Ndani ya tufe la kioo waliotesha ute uliotokana na vimulimuli, na ute huo ulipolishwa dawa ya siku kutoka katika kichupa cheusi, uling'aa kwa rangi ambayo hakuna balbu iliyoweza kuiiga. Kila siku ilikuwa na kichupa chake. Hakuna aliyeijua rangi mpaka kichupa kimiminwe, na kikishamiminwa hakuna awezaye kuirudisha rangi ya jana. Taa hai haizimwi. Hubadilika, au hufa yenyewe dawa yake ikiisha.

Ardhini, mizinga iliongozwa na Jicho. Lilikuwa jicho la kioo, kubwa kama ungo, lililokaa juu ya mnara wa bwawa bila kusinzia. Alfajiri lililishwa kichupa kilekile cha siku, likaijua rangi, na ndege yoyote iliyovuka Mto Kiwe bila rangi hiyo ilitunguliwa na mizinga papo hapo, pasipo kuulizwa mtu. Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Yalikuwa hivyo tangu Luhanga, ambako mkuu mmoja wa mizinga alizuia moto kwa kuionea huruma ndege yenye taa iliyofifia, akidhani ni wenzake walioumia. Hawakuwa wenzake. Soko la Luhanga liliteketea siku ya gulio. Baada ya msiba ule ikatoka sheria fupi: Jicho lihukumu, mtu asiingilie. Wenzo wa kusitisha mizinga uliachwa ukutani kwa ajili ya mafundi, nao ukapakwa rangi nyekundu ili kila mtu ajue kwamba haumhusu.

Atuganile aliiheshimu sheria ile. Chini ya ukuta wa bwawa ulilala mji wa Kilimawe, na ndani ya mji ule walikuwamo mumewe, Mwalimu Rajabu, na watoto wao wawili, na mama yake mzazi aliyekuwa hasikii vizuri. Ukuta ukibomolewa kwa bomu moja tu, maji yangewafikia kabla hawajainuka vitini.

Ndege iliingia nyuma ya bega la mlima Ngolo. Muungurumo wake uliendelea kusikika, mzito na wa taratibu, kama wa kinu cha kusaga. Wakati huohuo jua likazama.

Ilipojitokeza upande wa pili, taa yake ya tumboni ilikuwa ya zambarau.

King'ora cha Jicho kililia. Mizinga iligeuza shingo zake zote kwa pamoja, ikainua midomo, ikaanza kuifuata ndege kwa mlio mwembamba wa mitambo iliyojaa mafuta mapya.

“Adui!” Kyando akapiga kelele. “Afande, ni hila ya Luhanga!”

 Atuganile alikuwa ameshika darubini kwa mikono miwili. Aliona mbawa pana, aliona injini, aliona ile nukta ya zambarau isiyoyumba. Ndege haikuongeza mwendo. Haikushuka chini kujificha katika bonde kama wafanyavyo washambuliaji. Ilikuja polepole na juu kabisa, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya jirani yake akitaka aonekane.

“Ilikuwa kijani,” akasema.

“Ngolo wameona kijani. Sisi tunaona zambarau. Nani kasema ni ileile?”

“Ungurumo haukukatika, Kyando. Na Ngolo wamesema ndege moja.”

“Basi wanakisia rangi! Adui ana vichupa vyetu alivyoviokota katika ndege zilizoanguka. Asichokijua ni kipi cha siku ipi. Anajaribu!”

“Anayekisia angeanza na rangi ya makosa, kisha akatafuta iliyo sahihi. Huyu alikuwa nayo sahihi mkononi, akaiacha.” Aliishusha darubini. “Kwa nini mtu aiache rangi inayomwokoa?”

Kyando aliigeukia tena taa ya mfano, iliyokuwa bado kijani.

Kwa muda mfupi Atuganile aliutazama upeo wa macho, pale jua lilipokuwa limetumbukia. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake aliishi kwa wakwe zake Pangani, binti wa milimani asiyejua hata kukuna nazi. Mambo mengi aliyafunzwa kwa kuchekwa. Aliona kwamba kwa watu wale siku haikungoja kupambazuka. Jua likishazama, siku iliyokuwapo ilikuwa imekwisha, na mpya ilikuwa imeingia pamoja na adhana ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, watu walianza na sala za usiku wake kwanza, kisha ndipo wakafunga mchana. Harusi iliyopangwa kwa siku fulani ilianza kupigiwa ngoma jioni iliyotangulia, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Hata Rajabu, miaka yote hii milimani, alikuwa bado akichana karatasi ya kalenda ya ukutani kila magharibi, na watoto wakimgombeza kwamba ameiua siku kabla ya wakati wake.

Marubani wa pwani walikuwa wamelelewa hivyo. Kwa miaka yote ya vita waliruka wakiwa na mizinga yao wenyewe chini yao, na wapiga mizinga hao walilelewa hivyohivyo. Wangebadilisha taa lini, kama si jua likizama? Na nani aliyekumbuka kuwauliza?

“Hiyo si rangi ya makosa,” akasema. “Hiyo ni rangi ya kesho.”

Naye akavuka chumba, akaushika ule wenzo mwekundu, akauvuta chini kwa uzito wake wote.

Mizinga ilinyamaza. Midomo yake ilibaki imeielekea ndege, lakini haikuifuata tena. Jicho liliendelea kulia.

“Afande!” Uso wa Kyando ulikuwa umepauka. “Uachie huo wenzo.”

“Siuachii.”

“Sheria inasema nikuondoe.”

“Najua isemavyo. Niliwasomea mimi.”

Mkono wa Kyando ulikwenda kwenye bastola yake, ukafungua kifungo cha mfuko, ukatulia pale. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka ishirini na mitano na alikuwa na deni la machozi ambalo hakuna aliyeweza kumlipia.

“Dada yangu aliungulia Luhanga,” akasema. “Alikuwa akiuza vitenge. Hatukupata hata cha kuzika. Na yule mkuu wa mizinga naye alikuwa na maneno mazuri kama haya yako.”

“Yule hakuwa na maneno, Kyando. Alikuwa na huruma. Mimi nina sababu, nimekupa, na wewe umeshindwa kuijibu.” Wenzo ulikuwa ukimvuta juu, springi zake zilitengenezwa makusudi zisimstareheshe mtu. “Wanangu wako chini ya ukuta huu. Unadhani ninacheza? Kama utanipiga risasi, piga. Lakini kabla hujapiga, fungua sanduku lile, utoe kichupa cha kesho, ukimimine katika taa ya mfano. Tuone wote wawili.”

“Lakiri ya kesho haivunjwi kabla ya alfajiri.”

“Nakuamuru uivunje. Jina langu ndilo litakaloandikwa, si lako.”

Kyando alitazama dirishani. Ndege ilikuwa imefika juu ya Mto Kiwe. Katika siku nyingine yoyote ingekuwa tayari ni moto na vipande vinavyoanguka. Alitoa mkono kwenye bastola, akaliendea sanduku la chuma kwa hatua ndefu, akaipasua lakiri kwa kitako cha kisu. Kichupa cheusi kilimponyoka, akakidaka kwa goti na kiganja, akakivunja shingo na kumimina dawa katika tufe la kioo.

Kijani kikafa.

Taa hai haina haraka. Ute ule uligeuka kwanza mweupe, mzito kama maziwa mabichi, nao ukakaa hivyo. Ndege ilikuwa ikikua dirishani. Sasa mngurumo wake ulitikisa vikombe mezani. Mikono ya Atuganile ikaanza kufa ganzi kwenye wenzo. Katika kiini cha maziwa yale kilitokea kidoa. Kilikuwa cha buluu.

“Buluu,” Kyando akanong'ona. “Afande, ni buluu.”

“Ngoja.”

“Ni buluu! Achia!”

“Ngoja, nimesema!”

Ndege ikapita juu ya ukuta.

Ilipita juu yao kabisa, umbo lake likafunika dirisha, na kwa pumzi moja ndefu Atuganile hakuwa mkuu wa mizinga wala askari. Alikuwa mama aliyefumba macho akisubiri kusikia maji. Alisubiri. Akasikia vikombe vikitikisika, kisha vikitulia. Akasikia ungurumo ukienda upande wa pili, ukipungua, ukibadilika sauti kama injini zinazopunguzwa kasi kwa ajili ya kutua.

Hakuna kilichoanguka.

Alipofumbua macho, Kyando alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, akiitazama taa ya mfano. Ile buluu ilikuwa imepata wekundu ndani yake, ikakolea, ikaiva, na sasa chumba kizima, kuta, ramani, na uso wa kijana yule uliolowa machozi, vilikuwa vimejaa rangi ya zambarau.

“Ni ya kesho,” Kyando akasema. Akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na mpangilio, kama kikohozi. “Wallahi, mimi Mkinga wa Makete naapa kwa Kiarabu. Ni ya kesho!”

“Inuka. Askari hakai sakafuni.”

Lakini alimpa mkono mmoja kumwinua, wa pili ukiwa bado umekandamiza wenzo. 

“Njoo uushike wewe wenzo,” Atuganile akasema. “Usiuachie mpaka nikuletee habari kutoka uwanjani. Jicho bado linaamini kijani.”

*

Uwanja wa ndege wa Ruhati ulikuwa barabara pana iliyonyooshwa katikati ya mashamba ya chai, chini kidogo ya bwawa. Atuganile alipofika, mwanga wa machweo ulikuwa bado haujatoka wote angani. Ndege ilikuwa imesimama, mlango wa nyuma wazi, na wauguzi walikwisha kuanza kushusha machela. Haikuleta sukari. Ilileta majeruhi wa vita vya pwani, walioletwa milimani kwa sababu hospitali za pwani zilikuwa zimejaa mpaka verandani. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mguu uliofungwa mbao, alikuwa akiwalaumu wabebaji kwamba wanamwinamisha kichwa chini kama mbuzi.

Rubani alishuka ngazi akijinyoosha kiuno. Alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana na ndevu zilizochongwa vizuri.

“Kapteni Mwinyihaji Faki,” akajitambulisha. “Nani mwenye mizinga ile? Tangu mtoni imenikodolea macho kama mawifi.”

“Ni yangu. Kapteni Mwalyego.”

“Masalkheri, dada. Mna tabia mbaya ya kupokea wageni.”

“Na nyinyi mna tabia mbaya ya kubisha hodi. Mbona mmebadilisha taa angani?”

“Jua lilikuwa limezama!” Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu. “Siku imeingia nyingine. Ulitaka niruke na taa ya jana?”

“Huku kwetu kichupa hulishwa alfajiri.”

“Alfajiri? Usiku wote mnakaa na siku iliyokwisha kufa? Nilijua watu wa bara mna kasoro, lakini siku kuianza mpaka mnywe uji!”

“Tunaianza asubuhi, kama viumbe wengine wenye akili.”

“Kama kuku, sema.”

Muuguzi mmoja alicheka. Rubani naye alikuwa akicheka, na ghafla kicheko kikamkauka. Aliigeukia ndege, akaitazama taa ile iliyong'aa tumboni mwake, kisha akaitazama mizinga iliyoonekana juu ya ukuta, midomo yake bado imeelekea mtoni. Akashika reli ya ngazi, akaketi taratibu kwenye kipandio cha chini.

“Mizinga yenu hupiga yenyewe,” akasema. “Tuliambiwa hivyo. Hupiga yenyewe, sivyo?”

“Ndiyo.”

“Basi mbona niko hai?”

Atuganile alimshika bega. “Pumzika, kaka,” akasema. “Umefika.”

Rubani alijifuta uso kwa kiganja. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa yamepanuka. “Dada, nyuma yangu kuna mwenzangu. Ndege kama hii, imejaa kama hii. Tuliondoka naye pamoja, injini moja ikamsumbua, akachelewa. Na yeye vilevile amebadilisha taa.”

Atuganile alimgeukia dereva aliyekuja naye. “Rudi mnarani. Mwambie Luteni Kyando dawa iliyobaki katika kichupa cha kesho ailishe Jicho, kisha auachie wenzo. Sasa hivi. Na akisita, mwambie ni amri ya tatu leo nitakayoijibia mimi.”

Gari liliondoka likirusha kokoto.

Ndipo alipogundua jambo jingine. Kadiri mwanga wa anga ulivyopungua, taa ya ndege ilizidi kuonekana. Majani ya chai yote kandokando yalikuwa yameanza kupata rangi ya zambarau. Juu ya safu ya milima ya magharibi adui alikuwa na watazamaji wake, wenye darubini nzuri kuliko za Shirikisho, na watazamaji hao walitafuta kitu kimoja tu: kujua leo rangi itakayotumika kesho.

“Zima ile taa,” akamwambia rubani, ijapokuwa alijua jibu.

“Haizimiki. Hata ukiitumbukiza kisimani.”

Atuganile alivua koti lake la jeshi, akainama chini ya tumbo la ndege, akalifunika tufe. Halikushikika vizuri; upepo ulilipeperusha, na hapakuwa na pa kulifungia. Basi akasimama pale akilikandamiza kwa mikono yake miwili. Taa ilikuwa na joto, joto dogo la kifaranga ndani ya kiganja, na ilipiga polepole chini ya kitambaa. Machela zilipita kando yake. Yule majeruhi wa mguu alimtazama kwa mshangao.

“Mama, hiyo ndege inaumwa tumbo?”

“Inaumwa.”

“Ipeni mwarobaini,” akasema, naye akapelekwa.

Ndivyo Kanali Ng'wandu alivyomkuta. Kanali alikuwa mkuu wa ulinzi wa nyanda zote za juu, mtu mrefu mwenye mvi, asiyeketi mbele ya walio chini yake wala kuwaacha waketi mbele yake. Sheria ya Jicho aliiandika yeye. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia, kwani alitembea moja kwa moja mpaka chini ya bawa.

“Kapteni Mwalyego.”

“Afande.” Mazoea yalimwamuru apige saluti, mikono haikuwa na nafasi.

“Usiondoe mikono. Nani aliushika wenzo?”

“Mimi, afande.”

“Nani alivunja lakiri?”

“Aliivunja Luteni Kyando kwa amri yangu. Kosa lolote la hapo ni juu yangu.”

“Rangi ya kesho ilikuwa imekwisha kuonekana ndege ilipovuka mto?”

Lilikuwa swali lililoulizwa bila hasira, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi ndani yake. Angesema ndiyo, na shahidi pekee alikuwa kijana ambaye angemuunga mkono kwa furaha. Atuganile alilihisi lile joto dogo likipiga chini ya vidole vyake.

“Hapana, afande. Nilizuia kabla sijajua rangi. Ndege ilipita juu ya ukuta wakati taa ya mfano bado ikionyesha buluu.”

“Na kama ungekuwa umekosea?”

“Kilimawe ingekufa maji. Na watoto wangu.”

“Na hukuachia.”

“Nilikuwa na sababu, na ilikuwa sababu nzuri. Jicho halina sababu, afande. Lina rangi tu.”

 Rubani Mwinyihaji, aliyekuwa amesimama kipandioni, alitazama viatu vyake kama mwanafunzi.

“Kesho utafika mbele ya baraza la jeshi,” Kanali akasema. “Nitakushtaki mimi mwenyewe, maana sheria haina jina la mtu na wewe umeivunja. Yamkini utaupoteza ukuu wa kikosi.”

“Ndiyo, afande.”

“Nikishamaliza kukushtaki nitaomba ruhusa ya baraza, nivuke upande wa pili wa chumba, nisimame kuwa shahidi wako. Wataniona mtu wa ajabu. Wamewahi kuniona hivyo.”

 Na mara ukasikika, kutoka mashariki, ungurumo mwingine, wenye injini moja inayokohoa. Nyuma ya bega la Ngolo ikatokea nukta ya zambarau, ikichechemea.

Hakuna aliyesogea. Juu ya ukuta, mizinga iliinua midomo yake. Mlio wake mwembamba ulifika mpaka uwanjani, ukapanda, ukaifuata ndege ile mpaka juu ya Mto Kiwe. Rubani alikuwa ameuma ngumi yake.

Kisha mizinga ikainamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, ikatulia. King'ora hakikulia.

“Alhamdulillahi,” rubani akasema, akaikalia tena ile ngazi kwa kishindo. “Alhamdulillahi. Yule ni mume wa dada yangu, mvivu huyo, angenitia balaa nyumbani.”

“Nani amelilisha Jicho rangi ya kesho kabla ya alfajiri?” Kanali akauliza, macho yake yakiwa bado angani.

“Ni amri yangu, afande.”

“Nilidhani.” Aliitazama ndege ya pili ikizunguka juu ya mashamba ya chai, ikitafuta upepo wa kutua, taa yake ikiyamwagia zambarau majani yote. “Na ile nayo haizimiki?”

“Haizimiki.”

Kanali Ng'wandu aliwatazama wauguzi, waliokuwa wamejaa machela mikononi. Akamtazama rubani, ambaye hakuwa na koti. Kisha akajikung'uta vumbi begani, akaanza kufungua vifungo vya koti lake.